Fungu la Kabwe

Kesho asubuhi lori la gereza lingekuja kumchukua Alima, na Brigadia Nkandu alikuwa bado hajaamini kwamba mwanamke yule ameua.

Komiseri Delvigne aliamini. Kwake mambo yalikuwa yamekwisha: mtoto amekufa kwa sumu, jirani aligombana na mama wa mtoto, na ndani ya kopo la jirani kumekutwa kidonge cha njano. Mwendesha mashtaka alikwisha kutia sahihi. "Unataka nini zaidi, Nkandu? Aje malaika akuambie?" Nkandu alikuwa amezeekea kwenye polisi ya Elisabethville, na miaka hiyo ilimfunza kutobishana na mzungu aliyekwisha kufunga jalada. Aliomba siku moja tu ya kuuliza maswali. Akapewa kwa kinyongo, naye akashuka mahabusu kabla Komiseri hajabadili nia.

Alima alikuwa ameketi sakafuni, mtandio begani, miguu ameikunja chini ya kitenge kwa sababu ya baridi. Alikuwa mke wa Amadi fundi cherehani, watu wa Maniema, waumini wa Kiislamu, waliohamia kambi ya wafanyakazi wa tanuru la shaba mwaka uliopita tu. Alikaanga mandazi mlangoni pake. Ukuta mmoja ulitenganisha nyumba yake na nyumba ya Régine, mama wa mapacha, na Régine alipokwenda sokoni mapacha walibaki kwa Alima: Kyungu, mvulana mwenye ugonjwa wa damu, na Kabwe, dada yake mzima wa afya. Sasa mgonjwa yu hai, na mzima kazikwa.

"Mama Alima, nitakuuliza tena."

"Uliza, baba. Jibu itakuwa ile ile."

"Kile kidonge, ulikitoa wapi?"

"Ku dispensaire. Nilikuwa na homa, balinipa bitatu. Nikameza bibili, kamoja nikaweka, kesho homa ikirudi nisiende kupanga mustari tena. Bantu bote banafanyaka vile. Nenda uangalie makopo yabo."

"Na ugomvi wako na Régine?"

Alima alifuta pua kwa ncha ya mtandio. "Juu ya andazi. Andazi moja, baba! Kyungu alikuwa analia, iko mugonjwa, nikamupa. Kabwe alikuwa anacheza, sikumupa. Mama yao akafika, akaona. Akanitukana mbele ya bantu, eti nataka kuua mapasa wake. Andazi moja! Mi nikaona uyu mama kichwa yake haiko sawa. Na vile Kabwe alikufa, bote bakakumbuka ile neno."

"Alianza kuugua lini?"

"Mwanzo wa baridi. Kinywa ikajaa bidonda. Damu ku meno. Ku ngozi alama nyeusi, kama balimupiga, na hapana mwenye alimupiga. Nilizani ugonjwa ya kaka yake imemurukia." Akainua uso. "Mutoto wangu eko wapi?"

"Yuko na Amadi."

"Balivunja dirisha yetu na mawe. Wewe ulijua? Hata nikitoka hapa, nitaenda wapi?"

Nkandu alisimama. Alimwachia kikoti chake, akatoka.

Hospitali ya weusi ilikuwa upande wa pili wa reli. Moshi wa tanuru ulikuwa umelala chini siku ile, ukikwaruza koo, na watu waliosubiri kwenye ukumbi walikohoa kwa zamu. Dokta Lambrecht alimpokea ofisini kwake amesimama. Alikuwa kijana bado, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alisema Kifaransa, na Nkandu akamjibu kwa Kifaransa, polepole, akichagua maneno.

"Niambie jinsi msichana alivyokufa, Daktari. Si kwa maneno ya ripoti."

"Alikufa jinsi wagonjwa wangu wanavyokufa nikikosea kipimo." Daktari alifungua kabati kwa ufunguo, akatoa kichupa kidogo. "Hii inaitwa mercaptopurine. Haina miaka mitatu duniani. Niliandika, nikaomba, nikaudhi watu huko Brussels hadi wakanitumia kwa ndege. Katanga nzima anaimeza mtu mmoja tu, Kyungu."

"Inafanya nini?"

"Ugonjwa wa Kyungu ni lukemia, ile kali. Damu yake inazaa chembe nyeupe zisizojua kazi, zinaongezeka hadi zinazisonga zile nzuri. Dawa hii inazinyima chakula. Lakini ni kipofu, Brigadia. Haijui adui wala rafiki, inaua kila chembe inayozaliwa haraka. Ndani ya Kyungu inawakuta maadui wengi. Ukimpa mtoto mzima, inawakuta marafiki peke yao." Alikiweka kichupa mezani. "Nilifungua mfupa wa yule msichana. Uboho ulikuwa umekauka. Mwili wake haukuwa na kitu cha kupigana hata na kidonda cha mdomoni."

"Na Kyungu atapona?"

"Hapana. Sijui mtoto yeyote aliyepona. Namtafutia miezi. Labda mwaka, nikibahatika."

Nkandu alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa. Ndani mlikuwa na kidonge kilichokutwa kwa Alima. Daktari akaweka cha kwake kando yake. Vyote viwili vilikuwa vya njano, vidogo, vya mviringo. Kwa macho, mtu angeapa ni ndugu.

"Unavijuaje?" aliuliza Nkandu.

"Lete maji."

Wakajaza glasi mbili. Kidonge cha Alima kilipogusa maji tu kilianza kumwaga rangi, na punde glasi nzima ikawa ya njano kama mtu aliyetia bizari. Kile cha hospitali kilizama hadi chini, kikakaa pale pale, maji yakabaki meupe. Daktari aliinua glasi ya kwanza dirishani.

"Dawa ya malaria. Tumeigawa tangu wakati wa vita. Nusu ya kambi inayo nyumbani."

Basi ushahidi wa Komiseri ulikuwa umeyeyuka ndani ya glasi. Lakini Nkandu alimjua mkubwa wake: angesema Alima alivitumia vile vya kweli vyote, kikabaki hiki cha malaria. Kumtoa yule mwanamke kulihitaji jina la mtu mwingine.

"Nani mwingine ana ufunguo wa kabati hili?"

"Muuguzi wangu, Mutale."

Mutale aliitwa. Alikuja na koti jeupe lililopigwa pasi, miwani, kalamu mbili mfukoni, mtu aliyejua thamani yake. Nkandu alimwangalia viatu. Vilikuwa vipya, vya ngozi nzuri, na bei yake haikulingana na mshahara wa muuguzi mweusi.

"Viatu vizuri, Mutale."

"Shemeji yangu anavileta toka Rhodesia. Anapita mpaka wa Kasumbalesa kila mwezi. Muulize."

"Nitamuuliza. Dawa hii, watu wangapi wameiomba kwako?"

"Hapana hata mumoja. Nani anaijua? Brigadier, kama ningetaka kuuza dawa, ningeuza pénicilline. Ile, bantu banalipa."

Jibu lilikuwa la kihuni, lakini lilikuwa kweli, na Nkandu alilipokea. "Unampaje mama wa mtoto?"

"Kila juma anakuja na pakiti ya karatasi tupu, namupa ingine yenye kujaa. Haijapotea hata comprimé moja. Na nilimwambia mbele ya docteur, mara mingi: mama, hii dawa ni ya Kyungu. Usimupe muntu mwingine, hata kipande. Akaapa mbele yetu." Mutale aliirekebisha miwani. "Uyu jirani njo alikuwa anabaki na batoto. Si banasema, kikulacho ki nguoni mwako?"

Nkandu alikuwa anafunga kifungo cha shati shingoni, kwa ajili ya baridi, aondoke wakati daktari aliposema, kama mtu anayejisemea mwenyewe: "Kinachonikera ni Kyungu."

"Kwa nini?"

"Dawa haimshiki. Nilianza na kidonge kimoja kwa siku, damu yake ikatikisika kidogo tu. Nikangoja. Baridi ilipoanza nikaamua kuongeza, viwili kwa siku. Kipimo cha kumtisha mtu mzima! Na sasa ndiyo inaanza kwenda vile nilivyotarajia iende kwa kimoja."

Mkono wa Nkandu ulisimama kwenye kifungo. "Yaani mtoto anaonekana kama anayepata nusu."

"Hivyo hasa. Nusu."

"Na ulipoongeza, ilikuwa mwanzo wa baridi."

Walitazamana. Daktari akaketi kitini taratibu, naye Nkandu akaikamata kofia yake. Mtu fulani alikuwa anachukua nusu ya dawa ya mgonjwa kabla haijafika kinywani mwake, na kumlisha nayo mtoto mzima. Kimoja kilipokuwa viwili, fungu la mzima nalo likawa mara mbili, na hapo ndipo alipoanguka. Ni shetani gani huyo, anayemwibia mtoto mmoja uhai ili amuue nao mwingine? Nkandu alivuka reli akiwa na hasira iliyomfanya asahau baridi.

Njiani alijilazimisha kupoa. Mtu mwenye hasira haulizi, anagomba. Baba wa mapacha, Ngoie, alikuwa kazini tanuruni na hata siku ya maziko alipewa nusu siku tu. Mawifi wa Régine walikuwa mbali, Kamina, na Régine mwenyewe aliapa mbele ya daktari. Kila alipomgeuza mtu kichwani alimwona hana nafasi ya kufanya hivyo, isipokuwa Alima, na kila njia ikamrudisha kwenye seli ile. Kwenye duka la Mgiriki alinunua mkate mdogo mtamu, maana haifai kumwendea mtoto mgonjwa mikono mitupu.

Nje ya nyumba ya Régine walikuwa wanawake wa kilio, kwenye mikeka, wamejifunika vitenge. Hakuna aliyekuwa analia. Komiseri alikuwa ameliandika jambo hilo kwenye jalada lake, na kulipigia mstari: *mama hana machozi*. Nkandu hakumlaumu sana, angejuaje? Pacha haliliwi. Ukimlilia aliyetangulia, yule aliyebaki anasikia na kumfuata. Wanawake walimpisha, na mmoja, mkono kiunoni, akamwuliza lini Mmaniema atanyongwa.

Ndani mlikuwa na giza na harufu ya mkaa. Régine alikuwa amekaa kwenye kigoda, mwanamke mwembamba mwenye mikono ya kazi. Kyungu alikuwa kwenye mkeka, blanketi hadi kidevuni, uso umemvimba, macho makubwa. Nkandu alichuchumaa, akamnyoshea mkate.

"Baba," alisema Régine, sauti yake kavu, "mu nyumba ya mapasa bantu habaingie na kitu moja."

"Unisamehe, mama. Nilisahau."

"Hapana neno. Yeye anajua namna ya kufanya."

Mtoto aliukata mkate katikati kwa vidole, kwa uangalifu, akavilinganisha vipande viwili machoni. Kimoja kilikuwa kikubwa kidogo. Alimega pembe yake, akaiongeza kwenye kingine. Kisha akanyosha mkono nyuma ya mto, ambako kulikuwa na kikombe cha bati cha buluu, akatia humo fungu moja. Ndipo alipoanza kula lake.

"Ile ya nani?" aliuliza Nkandu, ingawa alijua.

"Ya Kabwe."

Nkandu alikivuta kikombe kwenye mwanga wa mlango. Chini kulikuwa na donge la ugali wa bukari lililokauka, karanga, kipande cha muwa, mkate wa leo. Na katikati ya hayo, vimetapakaa, vidonge vya njano. Alichota maji kwenye mtungi kwa kifuniko, akatumbukiza kimoja. Kilizama. Maji yakabaki meupe.

Alikaa amekishika kifuniko kile muda mrefu. Alikuwa amekuja kumtafuta shetani.

"Na vidonge hivi, mama?"

"Fungu yake."

"Unaiweka tangu alikufa?"

"Usiseme ile neno mbele ya ndugu yake!" Régine alimkazia macho. "Kabwe alienda kuteka mayi. Kila asubui namuwekea yake, asikasirike."

"Na zamani, mbele aende kuteka mayi?"

"Alikuwa anameza. Kamoja ka Kyungu, kamoja ka Kabwe. Ule wakati docteur alikuwa anatoa kamoja tu, nilikuwa nakapasula na kisu, kati na kati. Kabwe alikuwa anakunja sura, eti iko uchungu. Nilikuwa namushika mapua mupaka anameza." Alisema haya bila kushusha sauti, kama mtu anayeeleza jinsi anavyopika.

"Mutale alikukataza. Alikwambia usimupe muntu mwingine."

"Muntu mwingine nani?" Sasa alimtazama kama mtu mzito wa kuelewa. "Sikumupa hata moja. Ngoie alikuwa na kichwa inamuuma, akaniomba, nikamunyima. Lakini mapasa, baba, iko muntu moja. Unamupa uyu dawa, unamunyima mwenzake? Ule mwenye unanyima anaona hapendwi, anaenda, na uyu anamufuata. Nguo mbili, sahani mbili. Hata fimbo, nikimupiga moja nagusa mwenzake. Wewe hujui?"

Alijua. Kambi nzima ilijua, na ndiyo maana hakuna aliyesema: nani atamsimulia polisi kwamba mama wa mapacha anagawa sawa? Mmoja tu hakujua, mgeni toka Maniema, aliyetoa andazi moja kwa mtoto mmoja. Na huyo ndiye aliyekuwa seli.

Nkandu alitamani ainuke aondoke. Ripoti ingeweza kuandikwa kwa maneno ya hospitali, yasiyoeleweka na mtu, na Régine angebaki na kinyongo chake, ambacho angalau kilimpa kitu cha kushikilia. Lakini aliwakumbuka wanawake wa mlangoni, na dirisha la Amadi. Karatasi ya Komiseri ingemtoa Alima mahabusu, lakini isingemkinga na jiwe. Na kesho asubuhi kidonge kingine kingeingia kikombeni badala ya kuingia mwilini mwa Kyungu.

Akavua kofia.

"Mama Régine, nisikilize. Ile dawa inafanya vita. Ikiingia mwa muntu mugonjwa, inapigana na ugonjwa. Ikiingia mwa muntu mwenye hana ugonjwa, inapigana na yeye mwenyewe."

Régine alimfunika Kyungu blanketi vizuri.

"Bidonda mu kinywa. Damu ku meno. Docteur alifungua, akaona. Haikukuwa sumu ya Alima. Alima hajui kitu."

Mkono wa Régine ulipanda polepole hadi puani kwake mwenyewe, vidole viwili vikabana, vikakaa pale. Nkandu aliona jinsi ulivyokuwa unakumbuka. Alitazama chini, kwa aibu, kama aliyefungua mlango wa bafu bila kubisha.

"Njo mimi, ni mimi," alisema Régine.

"Ulikuwa unagawa sawa, mama. Hukujua."

"Njo mimi. Alikuwa anakataa, nilikuwa namushika."

Kifua chake kilianza kupanda na kushuka, mdomo ukafunguka, na Nkandu akangoja kilio. Hakikuja. Régine alimtazama Kyungu, akaufunga mdomo kwa kiganja, akaukandamiza mpaka vidole vikaacha alama shavuni. Hata hapo hakuruhusiwa. Nkandu alikuwa ameona watu wakipigwa mahabusu na kunyamaza; hakuwahi kuona mtu akinyamaza vile.

Baadaye alisimama, akajifunga kitenge upya, akaenda mlangoni. Wanawake waliinua nyuso.

"Alima anarudi leo," alisema. "Mwenye atarusha jiwe kwake, arushe kwangu kwanza. Ule mama alitupatia tu mandazi. Kabwe, ni mimi nilimupa ile kitu, na mukono yangu. Brigadier iko hapa, mumuulize."

Hakuna aliyeuliza. Yule wa mkono kiunoni aliushusha mkono, akaanza kukunja mkeka, kisha akaukunjua tena, hakujua afanye nini.

Régine alirudi ndani. Nkandu alisema itabidi achukue vidonge vilivyomo kikombeni, ni ushahidi, na kwamba Komiseri atataka kumwona. Nkandu mwenyewe ataandika kuwa ni ajali, zaidi ya hapo hawezi kuahidi. Régine aliinamisha kichwa kukubali. Akaomba aachiwe kikombe. Nkandu alivitoa vidonge kimoja kimoja, akavifunga kwenye karatasi ileile iliyokuwa na cha Alima.

"Na Kyungu?" aliuliza Régine. "Asubui alimeza kamoja tu."

"Ameze ya pili sasa. Tangu leo yote mbili ni yake."

Alichukua pakiti ya hospitali juu ya sanduku, akatoa kidonge, akapiga magoti kando ya mkeka. Kyungu alikitazama kidonge, akamtazama mama yake, akafumba mdomo.

"Kunywa, baba."

Mtoto akatikisa kichwa. "Ile iko ya Kabwe."

"Kunywa."

"Yangu nilimeza asubui. Ile iko ya Kabwe." Akageukia ukuta, mkono umefunika kikombe cha buluu.

Mkono wa Régine ulikwenda kwenye pua ya mtoto, kwa mazoea, ukafika nusu njia, akaurudisha mapajani. Halafu akalala chini kwenye mkeka, nyuma ya mwanawe, mdomo wake karibu na sikio lake, na Nkandu aliyekuwa mlangoni na kofia mkononi alisikia alichomwambia.

"Meza, mwanangu. Kabwe ameshakula yake. Ameshiba."